Kudhibiti Wadudu wa Banda la Kuku kwa Maadui Wao wa Asili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo wafugaji wanayoyarudia kila nzi wanapozidi bandani. Mengi yanahusu kuku wa mayai wanaokaa vizimbani, kinyesi kikirundikana chini yao, kwa sababu huko ndiko nzi wanakozaliana kwa wingi. Wanaofuga kuku wa nyama juu ya maranda watapata majibu yao kuelekea mwisho, maana msumbufu wao mkuu mara nyingi si nzi bali mbawakawa mweusi wa sakafuni.

Udhibiti wa kibayolojia ndiyo nini? Ni kununua wadudu na kuwamwaga bandani?

Hiyo ni sehemu ndogo tu. Rundo la kinyesi cha kuku lililokaa wiki kadhaa bila kuguswa huwa tayari lina jeshi lake: utitiri wanaokula mayai ya nzi, mbawakawa wadogo wanaokula mayai na mabuu machanga, na nyigu wasiozidi punje ya ufuta kwa ukubwa, wanaotaga ndani ya pupa za nzi, yaani hatua ya kati ya buu na nzi kamili. Hakuna aliyewaleta. Wamefika wenyewe, wengine wakiwa wamedandia miili ya nzi haohao.

Kazi kubwa ya mfugaji ni kuwatunza hao waliopo. Asiwanyeshee, asiwazoe wote kwa siku moja, asiwapulizie sumu. Kununua nyigu huja baadaye, kama haja ipo.

Kwa nini nzi huongezeka ghafla namna ile?

Kwenye joto, nzi wa kawaida (Musca domestica) hutoka yai hadi kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Yai huanguliwa kabla siku haijakwisha. Buu hula, hukua na kujibadilisha mara mbili kwa muda wa siku nne au tano hivi, kisha husogea sehemu kavu na kugeuka pupa, ile punje ya kahawia inayofanana na mbegu. Jike mmoja hutaga kwa mafungu, kila fungu mayai 75 hadi 150, na katika uhai wake anaweza kufikisha mia kadhaa. Kwa hiyo ukiona nzi wengi leo, kosa lilifanyika wiki moja au mbili zilizopita: bomba lilivuja, mvua iliingia, au kinyesi kilizolewa chote.

Mambo hayo yana faida kwako pia. Mayai na mabuu machanga ni laini, hayakimbii, na yamekusanyika mahali pamoja. Ni chakula rahisi kwa kila mwindaji anayeishi kwenye rundo. Buu akishakuwa mkubwa wawindaji wengi hawamwezi tena, ndiyo maana saa zile za mwanzo ndizo zinazoamua.

Ni wadudu gani hasa wanaokula nzi, na nitawatambuaje?

Vaa glovu, chukua kijiti, fukua juu juu kwenye rundo lililokauka kiasi, kisha tazama kwa subira dakika chache. Lenzi ya mkononi itakusaidia sana.

Wa kwanza utakaowaona ni utitiri wa kahawia-nyekundu, wadogo kama ncha ya kalamu, wenye umbo la tone la maji, wanaokimbia kwa kasi ukiwafunua. Huyo ni Macrocheles muscaedomesticae. Hukaa tabaka la juu, pale hasa nzi anapotaga, na mmoja anaweza kumaliza hadi mayai 20 ya nzi kwa siku. Rundo likizeeka na chakula kikipungua, majike hujishikiza kwenye mwili wa nzi na kusafiri naye hadi kinyesi kipya. Nzi anakwenda kutaga huku amembeba mla mayai yake. Chini kidogo ya tabaka hilo kuna utitiri mwingine, mviringo na mzito wa mwendo, Fuscuropoda vegetans, ambaye hushughulika na mabuu machanga yaliyokwisha kujichimbia ndani asikofika mwenzake. Hawa wawili hawashindani, wamegawana ghorofa.

Kisha kuna mbawakawa mdogo mweusi anayeng'aa, urefu milimita 3 hivi, mgumu kama punje ya pilipili manga, na anapoguswa hukunja miguu akajifanya amekufa. Jina lake Carcinops pumilio. Yeye na mabuu wake wote ni wala nyama, na mtu mzima mmoja hula zaidi ya mayai kumi ya nzi kwa siku. Usimchanganye na mbawakawa wa maranda (Alphitobius diaperinus), ambaye ni mkubwa mara mbili yake, mrefu zaidi, na ambaye tutamzungumza peke yake. Nimesikitika mara nyingi kuona mfugaji akiwaunguza Carcinops wake kwa dawa akidhani ni wale wengine. Ukiona mviringo, mfupi na mng'avu, mwache.

Wa tatu ni nyigu, nao wanastahili swali lao.

Hao nyigu watatuuma sisi au kuku?

Hawaumi. Ni wadogo mno, milimita 1 hadi 3, na mwiba wao ni chombo cha kutagia tu. Watu wengi wamefanya kazi kwenye mabanda yaliyojaa nyigu hawa miaka mingi bila kujua kuwa wapo.

Jike hutafuta pupa ya nzi, hutoboa ganda lake, huchoma kiumbe kilichomo na kutaga yai. Buu wa nyigu humla nzi aliyemo ndani, na baada ya wiki mbili hadi nne, kutegemea joto, nyigu mpya hutafuna kitundu na kutoka. Isitoshe, jike hutoboa pupa nyingine ili tu anyonye majimaji yake, na hizo pia hufa.

Aina zinazofaa zaidi mabandani ni za jamii mbili. Muscidifurax, hasa M. raptor, hutafuta pupa zilizo karibu na uso wa kinyesi. Spalangia, kama S. cameroni na S. endius, huchimba na kuzifikia zilizofukiwa chini. Kwa kuwa mabuu wa nzi hugeukia pupa mahali tofauti tofauti, ni vizuri kuwa na wote wawili. Aina ya tatu inayouzwa sana sehemu nyingi, Nasonia vitripennis, ni rahisi kuizalisha kwa wingi na hutoa nyigu wengi kwenye pupa moja, lakini kwa nzi wa kwenye kinyesi haijafanya vizuri kama zile mbili. Ukinunua, uliza jina la aina kabla ya kuuliza bei.

Nikitaka kununua nyigu, niwaachie vipi na kwa kiasi gani?

Huja wakiwa bado ndani ya pupa, kwa kawaida kwenye mfuko. Kiasi hutegemea idadi ya kuku, hali ya kinyesi na aina ya nyigu, kwa hiyo fuata maelekezo ya anayewazalisha. Kinachoharibu mambo mara nyingi huwa ni wakati kuliko kiasi. Kizazi cha nzi hukamilika kwa wiki moja na nusu, cha nyigu huchukua karibu wiki tatu, kwa hiyo nyigu hawezi kumkamata nzi aliyekwisha kutangulia. Waachie msimu wa joto unapoanza, nzi wakiwa bado wachache, kisha rudia kila wiki au kila wiki mbili mfululizo. Mfuko mmoja mkubwa uliomwagwa mara moja wakati nzi wameshatanda ni hasara.

Zitawanye pupa karibu na kingo za marundo, mahali pakavu, wanapopenda mabuu kwenda kugeuka. Zilinde na kuku, sisimizi na panya, kwa maana wote huzila. Mkebe wenye matundu madogo yanayopitisha nyigu, ukining'inizwa juu kidogo ya kinyesi, hutosha. Na usiagize wadudu hai kutoka nchi nyingine bila kibali cha mamlaka ya karantini. Aina nyingi nilizozitaja zimeenea sehemu kubwa ya dunia, na walio wenyeji wa eneo lako wamekwisha kuzoea hali ya hewa ya hapo.

Kila mtu anasema "kausha kinyesi". Kwa nini?

Kwa sababu hapo ndipo vita vinaposhindwa au kupatikana. Kinyesi kibichi cha kuku kina maji karibu robo tatu ya uzito wake. Nzi huzaliana vyema kinyesi kikiwa na unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Kikishuka chini ya asilimia 50, mabuu hupata shida kubwa, na wakati huohuo utitiri na mbawakawa walaji hupata nafasi ya kupita na kupumua. Ukikausha unamnyima adui makao na kumpa rafiki yako makao kwa mkono uleule. Hakuna dawa inayofanya mambo hayo mawili pamoja.

Kipimo cha mkono kinatosha: bana kinyesi kwenye kiganja chenye glovu. Kikichuruzika au kikinata kama ugali, ni kibichi mno. Kikimeguka, umefika.

Chanzo cha unyevu karibu kila mara ni maji ya kunywa. Kinyweshea kimoja kinachodondosha usiku kucha kinaweza kutengeneza kidimbwi kinachozalisha nzi wa banda zima, huku sehemu nyingine zote zikiwa safi. Pita asubuhi na tochi, tazama chini ya mabomba, weka alama palipolowa, rekebisha siku hiyohiyo. Mengine ni hewa, na mifereji ya kuzuia maji ya mvua yasiingie. Kuku wanaoharisha, kwa ugonjwa au kwa chumvi nyingi kwenye chakula, huharibu kila kitu, nao watibiwe au chakula kirekebishwe kabla hujalaumu wadudu. Chini ya vizimba, kinyesi kinachoanguka mahali pamoja hujijenga kama pia iliyopinduliwa, chenye ubavu mkali unaopitisha hewa na kukauka. Usiivunje kwa reki ukidhani unasafisha.

Sasa nikizoe kinyesi mara ngapi? Wengine wanasema kila siku, wengine wanasema kiache.

Wote wawili wako sahihi. Anayekosea ni wa katikati.

Njia ya kwanza ni kuzoa mara kwa mara, angalau mara moja kila siku saba, mara mbili kama kuna joto kali, bila kuruka hata wiki moja. Hapo unatoa mayai na mabuu kabla hayajawa nzi, na huhitaji wadudu rafiki kwa sababu hakuna rundo. Lakini ulichokizoa lazima kikaushwe, kifunikwe au kifanywe mboji mbali na banda, vinginevyo umehamisha nzi kutoka ndani kwenda nje. Mboji iliyopangwa vizuri hupanda hadi nyuzi 55 mpaka 65 za Selsiasi, joto ambalo buu hawezi kulistahimili. Ila kwenye kingo, ambako ni baridi, mabuu hujificha, kwa hiyo ligeuze rundo ili nje iingie ndani.

Njia ya pili ni kuliacha rundo lijijenge miezi, kavu, likiwa na wakazi wake. Hapa subira inahitajika. Utitiri hufika ndani ya wiki moja au mbili, lakini mbawakawa walaji huhitaji mwezi na zaidi kufikia idadi yenye maana. Wiki hizo za mwanzo ndizo ngumu, na ndizo wanapokata tamaa wengi.

Anayeumia ni yule anayezoa kila baada ya wiki tatu au nne. Anawapa nzi muda wa kutosha kumaliza kizazi, kisha anawatoa wawindaji wakiwa ndiyo kwanza wanashika mizizi. Mwezi hadi mwezi anaanza upya, na kila mara nzi ndio wanaofika wa kwanza.

Ukiwa umechagua kurundika na siku ya kuzoa imefika, usisafishe hadi sakafu. Bakiza tabaka la kinyesi kikavu cha zamani, sentimita 10 hadi 15, liwe mbegu ya wadudu rafiki na liwe kama sifongo ya kufyonza unyevu wa kinyesi kipya. Au zoa mstari mmoja uache wa pili, urudi baada ya wiki kadhaa. Fanya hivyo msimu wa baridi nzi wanapokuwa wachache. Inapobidi kuondoa chote kwa sababu ya ugonjwa, basi ondoa chote bila kusita, halafu ujiandae kwa wiki kadhaa za nzi.

Naweza kuendelea kupulizia dawa huku nikitunza wadudu rafiki?

Unaweza kutumia dawa, lakini siyo juu ya kinyesi. Hili ningependa kila mfugaji alibandike mlangoni. Dawa nyingi za kunyunyizia, zikiwemo za jamii ya pairethroidi, huua utitiri na nyigu kirahisi kuliko zinavyoua mabuu wa nzi waliojichimbia. Matokeo yake siku mbili banda hutulia, wiki ya pili nzi wanarudi wengi kuliko mwanzo, kwa kuwa wanarudi mahali pasipo na adui. Mfugaji huongeza dozi, na hapo tatizo la pili huingia, yaani usugu. Nzi wa kawaida ni hodari sana wa kuzoea sumu. Waliizoea DDT kabla muongo wa 1940 haujaisha, miaka michache tu tangu ianze kutumika kwa wingi, na tangu wakati huo wamezoea jamii karibu zote zilizofuata.

Kama ni lazima, elekeza dawa wanakopumzika nzi wakubwa, si wanakozaliwa. Hayo ni makenchi ya paa, nguzo, kuta za upande wa jua, mahali penye madoa meusi. Chambo chenye sumu kiwekwe kwenye chombo ambacho kuku hawafikii. Siromazini, dawa inayomzuia buu wa nzi asiweze kujibadilisha, haiwadhuru sana utitiri na mbawakawa walaji, ndiyo maana huhesabiwa kuwa inapatana na njia hii. Lakini nayo ina usugu wake ikitumika bila kupumzishwa, na kila dawa inayopitia kwenye chakula cha kuku ina masharti yake ya kisheria kuhusu mayai na nyama. Soma kibandiko.

Udongo wa diatomu na chokaa, vinavyopendwa kwa kuwa si sumu za kiwandani, navyo havichagui. Ukivimwaga juu ya rundo zima unakausha rafiki na adui pamoja. Viweke kwenye vidimbwi vya unyevu tu.

Nitajuaje kama inafanya kazi? Macho yangu yananidanganya.

Macho humdanganya kila mtu, hasa siku ya joto. Tumia kadi. Chukua vipande vya karatasi nyeupe ngumu vya ukubwa mmoja, karibu sawa na posta kadi, vibandike kwenye nguzo na makenchi nzi wanapopenda kutua, sehemu zilezile kila wiki. Baada ya siku saba hesabu vidoa vyeusi na vya kahawia ambavyo nzi wameacha. Vidoa 100 kwa kadi kwa wiki ni kiwango ambacho wengi hukichukua kama alama ya kuchukua hatua, lakini chenye thamani zaidi ni mwelekeo wa wiki kwa wiki kwenye banda lako mwenyewe.

Kwa nyigu, kipimo ni kizuri mno na hakina gharama. Kusanya pupa 100 kutoka sehemu mbalimbali za banda, zile ambazo hazijafunguka. Ziweke kwenye chupa, funika mdomo kwa kitambaa chepesi kilichofumwa karibu karibu ili nyigu wasipite, iweke kivulini. Wiki ya kwanza watatoka nzi, wahesabu. Kisha ngoja hadi wiki ya nne uhesabu nyigu. Hata maganda yaliyobaki husema: nzi anapotoka hung'oa ncha nzima ya ganda kama kifuniko, nyigu huacha kitundu kidogo cha mviringo. Pupa ambazo hakikutoka chochote, nyingi huwa zimetobolewa na kunyonywa.

Kuna mabuu makubwa, bapa, rangi ya kijivu yamejaa kwenye kinyesi kibichi. Ni hatari?

Huyo ni nzi askari mweusi, Hermetia illucens, yuleyule anayefugwa sasa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Nzi wake mkubwa haingii jikoni wala hasumbui watu. Mabuu wake wakijaa mahali, nzi wa kawaida huacha kutaga hapo. Ubaya wake ni kwamba huvuruga kinyesi kikawa uji. Kwenye shimo lenye kuta imara sawa, lakini chini ya vizimba ambako ulitaka marundo makavu, atayabomoa, na walaji wa mayai ya nzi wanaohitaji ukavu watapungua. Kwa maoni yangu ni vyema umfuge kwenye chombo chake pembeni kuliko kumwachia banda.

Yupo pia nzi mdogo mweusi mng'avu, Hydrotaea aenescens, ambaye mabuu wake huwaua na kuwala mabuu wa nzi wa kawaida. Kwingine amefugwa na kuachiwa mabandani kwa kazi hiyo. Hapendi kuruka mbali wala mwanga mkali, ila idadi yake ikizidi, jirani hatatofautisha nzi na nzi.

Kwa nini nisiwaache kuku wenyewe wale mabuu?

Kuku wa nje wakiparura rundo wanasaidia kweli, wanalikausha na kula wengi. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni minyoo tegu: nzi wa kawaida, sisimizi na mbawakawa kadhaa hubeba mabuu ya minyoo hiyo, na kuku huipata anapowala wadudu hao. Wape kuku dawa ya minyoo kwa ratiba. La pili ni zito zaidi. Mabuu waliokulia kwenye mzoga wanaweza kuwa wamejaa sumu ya bakteria Clostridium botulinum. Kuku akiwala hulegea shingo, miguu na mbawa, na wengi hufa. Mzoga usilale bandani hata siku moja.

Mimi nafuga kuku wa nyama kwenye maranda. Wale mbawakawa weusi je?

Alphitobius diaperinus ni mgumu kuliko nzi, na lazima niseme hivyo mapema. Ana urefu wa milimita 6 hivi, mabuu wake ni wa njano-kahawia kama viwavi vyembamba, na hujaa chini ya vyombo vya chakula na pembezoni mwa kuta. Hutafuna povu gumu la kuhami joto kwenye kuta anapotafuta mahali pa kugeuka pupa, hubeba bakteria wa Salmonella na virusi vya magonjwa ya kuku ya Gumboro na Marek, na vifaranga humla badala ya chakula chao. Jike hutaga mamia ya mayai, na mkubwa huishi miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Yai likiwa kwenye joto huchukua mwezi na zaidi kufika ukubwani, kwa hiyo kundi moja la kuku wa nyama humpatia kizazi kimoja hivi. Jambo hilo ndilo la kushika.

Maadui anao: utitiri wanaonyonya mayai yake, nematodi (minyoo midogo sana) za jamii ya Steinernema, na kuvu. Kuvu wa Beauveria bassiana ndiye aliyefanyiwa kazi zaidi. Chembe zake hushika kwenye ngozi ya mdudu, huota, hupenya na kumuua kwa siku kadhaa. Mabuu hufa kirahisi kuliko wakubwa. Weka bidhaa hiyo kuku wakishatoka na kabla maranda mapya hayajaingia, hasa kwenye kingo na nyufa, wala usipulizie dawa ya kuua ukungu siku hizo. Nematodi zinahitaji unyevu, kwa hiyo zifukiwe kwenye udongo wa sakafu, siyo juu ya maranda makavu zitakakokufa baada ya saa chache.

Hata hivyo kuvu peke yake haitoshi. Toa maranda siku ileile kuku wanapoondoka, yakiwa bado na joto, kwa sababu ubaridi huwafanya mbawakawa wajifiche ukutani na ardhini. Yapeleke mbali yakafanywe mboji. Mbawakawa huyu hutembea na kuruka usiku, rundo likiwa nyuma ya banda atarudi kabla ya vifaranga.

Na utitiri mwekundu, chawa, viroboto, papasi?

Si wote ni wadudu kwa maana kamili, lakini swali ni halali. Utitiri mwekundu (Dermanyssus gallinae) hujificha mchana kwenye nyufa na hunyonya kuku usiku, na anaweza kukaa miezi minane bila damu. Kwa huyu wapo wawindaji wanaouzwa, utitiri Cheyletus eruditus na Androlaelaps casalis, wanaoingia kwenye nyufa zilezile. Hufanya vizuri idadi ikiwa ndogo bado. Ikiwa kuku wamekwisha kupauka upanga kwa kukosa damu, punguza kwanza kwa kuosha na kwa dawa, acha dawa iishe nguvu, ndipo uwaachie.

Wanaoishi juu ya mwili wa kuku, kama chawa na viroboto vya kung'ang'ania, hawana mwindaji wa kukusaidia. Wape kuku sanduku la vumbi la kuogea, ukichanganya unga wa kiberiti au udongo wa diatomu. Papasi hujificha kama utitiri mwekundu, na dawa yake ya kudumu ni kuziba nyufa.

Nimewaona nzi waliokufa wameng'ang'ania ukutani, mabawa juu, tumbo lina mistari meupe. Ni sumu?

Ni kuvu iitwayo Entomophthora muscae. Humshika nzi hai, humfanya apande juu jioni, anyooshe mdomo na kujigandisha hapo, ainue mabawa, kisha afe na kurusha chembe za kuvu kwa wenzake. Hutokea zaidi siku za ubaridi na unyevunyevu. Usiwafagie nzi hao.

Naweza kuchukua kinyesi chenye wadudu rafiki kutoka banda la mwenzangu?

Kutoka banda lako moja kwenda jingine, ndiyo, kama kuku wote ni wazima. Ndoo chache za kinyesi kikavu chenye Carcinops, zikiwekwa juu ya marundo mapya, huokoa wiki nyingi za kusubiri. Kutoka kwa mwenzako, hapana. Salmonella, kideri na Gumboro husafiri kwenye ndoo hiyohiyo.

Majirani wanalalamika leo. Nifanye nini wiki hii?

Tafuta kidimbwi. Leo, kabla ya chakula cha mchana, tembea banda zima utafute palipolowa, uzoe hapo tu na upatandaze maranda makavu. Ondoa mayai yaliyopasuka na chakula kilichomwagika na kuchacha. Ning'iniza utepe wa gundi ndani, na mitego ya harufu iwe mbali na banda, maana ikiwekwa mlangoni huita nzi waje. Feni kwenye vijia vya banda husaidia mara mbili: hukausha kinyesi, na nzi hawapendi kutua penye upepo. Kisha mweleze jirani tarehe. Mabuu waliopo sasa wataendelea kutoka siku nane hadi kumi zijazo hata ukifanya kila kitu sawasawa, na kadi ya wiki ya tatu ndiyo ya kumwonyesha.